"Ndiyoooo mwalimu!" sio jibu: namna ya kufundisha darasa lililojaa na kumsaidia mwalimu mwenzako

Walimu wenzangu, habari za kazi. Kuna swali tunaulizaga kila siku kwenye madarasa yetu huku Mwanza, uwe Buhongwa uwe Kisesa, uwe ng'ambo Sengerema au visiwani Ukerewe, unamaliza kueleza unageuka unauliza "tumeelewa?" na darasa zima linaitika "ndiyoooo mwalimu!", unafuta ubao unaendelea. Swali hilo naomba tuliache kabisa. Aliyeelewa anaitika ndiyo, asiyeelewa anaitika ndiyo, aliyekuwa anasinzia kule nyuma dirishani anashtuka na yeye anaitika ndiyo, sasa hapo umejua nini? Hujajua kitu, na utakuja kujua kwenye mtihani wa muhula wakati muda ushaenda.

Mi nashikilia jambo moja tu: usihame kwenda hatua nyingine kabla hujaona kwa macho yako watoto wanafikiria nini, wengi wao, sio wale watano wa mbele wanaonyooshaga mkono kila siku. Mbinu zote nitakazoandika hapa ni njia za kuona hicho kitu. Na naandikia madarasa tuliyonayo, maana tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wamejaa, mkondo mmoja kuwa na watoto 80 au 100 wanabanana watatu watatu kwenye dawati sio habari ya kushangaza mtu, kwa hiyo sitakuambia mambo ya projekta wala ya kumfuata kila mtoto mmoja mmoja alipokaa.

Swali liandae nyumbani, usilitunge ubaoni

Hapa ndo pa kukaa kidogo, kwa sababu swali baya linakudanganya vizuri sana. Tuseme unafundisha desimali. Unaandika ubaoni: namba ipi kubwa kuliko zote, 0.4 au 0.35 au 0.125? Darasa linachagua 0.4, unafurahi. Lakini angalia, kuna mtoto amechagua 0.4 kwa sababu anajua thamani ya nafasi, na kuna mwingine amechagua 0.4 kwa sababu kichwani mwake ameweka kwamba desimali ikiwa fupi ndo kubwa. Wote wamepata, mmoja hajui, na hutamjua.

Sasa badilisha kidogo tu. Andika 1) 0.5 2) 0.62 3) 0.317. Anayejua atachagua namba 2. Anayeamini fupi ndo kubwa atachagua 1. Anayesoma zile tarakimu za baada ya nukta kama namba nzima, yaani anaona mia tatu kumi na saba imeizidi sitini na mbili, huyo atachagua 3. Swali moja, majibu matatu, na kila jibu linakuambia mtoto ana tatizo gani. Hilo ndo swali. Linataka dakika kumi za kukaa mezani nyumbani, lakini linakuokoa wiki nzima ya kurudia mada bila kujua unarudia nini.

Na dawa unayo hapo hapo. Watoto wa mjini kwetu wengi washaona mizani ya samaki, kama sio mwaloni Kirumba basi sokoni karibu na kwao. Waambie sato wa kilo 0.5 huyo ni nusu kilo kamili, wa kilo 0.62 amepita nusu, wa kilo 0.317 hajafika hata nusu, sasa nani atalipiwa hela nyingi? Hapo hata yule aliyechagua 3 anaanza kucheka mwenyewe. Afu ndo unarudi kwenye sehemu za kumi, za mia na za elfu, unaandika 0.500, 0.620 na 0.317 zikiwa zimepangwa chini kwa chini ili waone nafasi. Usianze na kuongeza sifuri kabla hawajaona kwa nini, maana wataongeza tu kwa sababu mwalimu kasema.

Kupata majibu ya watoto 90 kwa sekunde kumi

Njia ya kwanza haina gharama, vidole. Unaandika machaguo matatu, unawapa muda wafikirie, unasema wafumbe macho, "moja, mbili, tatu, onyesha!" na kila mtoto anaweka vidole kifuani, kimoja au viwili au vitatu. Kifuani sio juu, kwa sababu akinyoosha juu wa nyuma yake anaona anaiga. Na lazima iwe kwa pamoja, ukiacha wachelewe kidogo tu utaona wanachungulia vidole vya yule mkali wa darasa. Wewe unapitisha macho safu kwa safu.

Kuna namna tatu mambo yanaweza kwenda. Wakipata karibu wote, endelea, wale wachache andika majina pembeni ya andalio lako la somo uwashike wakati wa zoezi. Wakikosa karibu wote, usirudie maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, tafuta njia nyingine ya kueleza. Wakigawanyika nusu kwa nusu ndo pazuri kuliko pote: usitoe jibu, waambie kila mmoja amgeukie mwenzake wa dawati amshawishi kwa nini jibu lake ndo sahihi, dakika mbili, halafu wapige kura tena. Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard Marekani, alianza kufundisha hivi miaka ya 1990 kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na akaona kura ya pili inakuwaga nzuri kuliko ya kwanza bila yeye kusema jibu. Inafanya kazi kwa sababu mtoto aliyeelewa sasa hivi anakumbuka bado alikuwa anakwama wapi, wewe mwalimu ulishasahau miaka mingi.

Njia ya pili ni vibao. Nunua silingibodi moja ya futi 8 kwa 4, mpelekee fundi seremala aikate vipande vya ukubwa wa karatasi ya A4, utapata vipande 40 bila shida yoyote. Paka rangi nyeusi ya ubao mikono miwili, acha ikauke vizuri, lainisha kingo kwa msasa maana silingibodi inachubua. Vipande 40 kwa wawili wawili ni watoto 80. Kila pea wana kibao, kipande cha chaki na kitambaa kilichochanwa kwenye shati kuukuu. Ukisema "vibao juu!" unaona hesabu za darasa zima, na sio jibu la mwisho tu, unaona hatua, unaona nani ameweka asili juu na kiasi chini. Ongea na mwalimu mkuu au kamati ya shule, gharama yake sio ya kutisha na vinadumu kama watoto wanavikusanya kila mwisho wa kipindi. Weka monita wa vibao, vinginevyo baada ya mwezi vitakuwa vimekuwa vifuniko vya ndoo.

Uliza, nyamaza, ndo utaje jina

Mwalimu anayesema "Neema, mji mkuu wa Kenya ni upi?" amewaambia watoto wengine wote wapumzike. Geuza. Uliza swali kwanza, nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, halafu taja jina. Ule ukimya utaona mrefu sana, utahisi kama umesahau somo, lakini vumilia. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza rekodi za vipindi vya sayansi na miaka ya 1970 akaandika kwamba walimu wengi wanasubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na pale waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu yalikuwa marefu, "sijui" zilipungua na hata watoto ambao huwa hawaongei wakaongea. Sekunde tatu tu, na hazina bajeti.

Majina usichague kichwani, kwa sababu bila kujua utawachagua wale wale. Andika majina yote kwenye vikaratasi, kunja, tia kwenye kopo, chomoa. Ukimaliza kusoma jina rudisha kikaratasi koponi, ukikiweka pembeni yule mtoto anajua zamu yake imepita analala.

Akisema sijui? Usimwache na usimwaibishe. Nenda kwa mwingine apate jibu, halafu rudi kwake, "haya Juma, mwenzako kasema nini, na wewe unaona kwa nini iko hivyo?" Fanya hivyo kila mara, na darasa lote lijue kwamba sijui sio mlango wa kutokea.

Na kuhusu fimbo niseme wazi. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kukosa hesabu sio kosa la nidhamu. Lakini tuache sheria, tuangalie ufundi wa kazi tu: mtoto akichapwa kwa kukosa, kesho hatakuonyesha anachofikiria, ataficha, ataiga kwa jirani, ataitika ndiyo. Unakuwa umejifumba macho mwenyewe, na mbinu zote nilizoandika hapo juu zinakufa siku hiyo hiyo. Mi naona hilo ndo hasara kubwa kuliko zote darasani.

Dakika tano za kwanza

Watoto wakiingia wakute maswali manne ubaoni, madaftari ya notisi yamefungwa. Moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, na moja la mada ya leo kuona wanajua nini tayari. Wanajibu kimya, wanabadilishana na wa jirani, mnasahihisha pamoja, basi. Sio mtihani, usiweke maksi kwenye orodha.

Watu wanadhani kurudia kusoma notisi ndo kunakaza kumbukumbu. Watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima hilo 2006: wanafunzi waliorudia kusoma walionekana wazuri baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliofunga kitabu na kujaribu kukumbuka ndo walikuwa wamebakiwa na mengi. Yaani kule kuhangaika kukumbuka ndo kujifunza kwenyewe. Kwa darasa letu ambalo mtoto hana kitabu cha kwenda nacho nyumbani na jioni ana ng'ombe au maji ya kuchota, hizo dakika tano za asubuhi ndo marudio yake ya kweli.

Mfano mmoja mzima, mmoja nusu, mmoja wao wenyewe

Kwenye hesabu na fizikia tunapenda kufanya mfano mmoja ubaoni na kusema "haya fanyeni zoezi namba moja mpaka kumi". Ni mruko mkubwa mno. Fanya mfano wa kwanza wote wewe huku unasema unachofikiria: "nusu jumlisha theluthi, asili ni 2 na 3, hazifanani, siwezi kujumlisha, natafuta KDS, namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili, ni 6, nusu inakuwa 3/6, theluthi inakuwa 2/6, jibu 5/6." Mfano wa pili uache nusu, andika mpaka KDS waishie wao. Wa tatu waanze wenyewe, unapita kati ya madawati.

Kuna watakaoandika 2/5, wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Usifute kwa wino mwekundu tu. Muulize, "2/5 na nusu ipi kubwa?" Akishaona kwamba 2/5 haifiki nusu, mwulize tena, "ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ikawaje ikapungua?" Mwache asimame hapo akae na hilo swali. Mtoto akishajikamata mwenyewe hivyo, ni nadra sana arudie lile kosa, na umempa kitu atakachokitumia kwenye kila hesabu, kuuliza kama jibu lina akili.

Mambo ya mazingira yetu ambayo vitabu havisemi

Mvua ikipiga bati hakuna atakayekusikia, na kwetu inapiga haswa Machi mpaka Mei na tena Oktoba mpaka Desemba. Kuwa na kazi ya kuandika ya akiba kwa kila mada, umeiandika kwenye manila tayari, mvua ikianza unaibandika. Bila hivyo ni dakika 40 za kupiga kelele na koo lako.

Walimu wa visiwani na wa makambi ya wavuvi mnajua kwamba mahudhurio yanafuata mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika, na siku za giza asubuhi kuna dagaa wa kuanika, watoto wengine hawaji au wanakuja wamechoka. Vita na utoro iendelee, viongozi wa kijiji na wazazi wahusishwe, ila kwenye azimio lako la kazi unaweza ukapanga mada ngumu mpya wiki za mbalamwezi na wiki za giza ukafanya marudio na mazoezi, ili aliyekosa asikose msingi. Na hao dagaa watumie. "Mama kaanika dagaa saa tatu wamelowa, saa kumi wamekauka, yale maji yameenda wapi?" Utapata jua limeyanywa, yameingia mchangani, yameisha. Andika yote ubaoni bila kusema lipi sahihi, hilo ndo somo lako la mvukizo limeshaanza na kila mtoto ana upande.

Darasa la kwanza vijijini Kwimba, Magu na Misungwi, mtoto amekuja na Kisukuma chake. Msalimie "mwangaluka" mlangoni, hutapungukiwa kitu, kisha Kiswahili kiingie polepole kwa vitu anavyovishika. Kidato cha kwanza nako mtoto ametoka miaka saba ya Kiswahili anakutana na somo zima kwa Kiingereza. Waache wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili dakika mbili, halafu wajibu kwa Kiingereza wakitumia maneno matano uliyoyaandika upande wa kushoto wa ubao na ambayo hayafutwi mpaka kipindi kiishe. Mtoto anayejua usanisinuru ni nini kwa Kiswahili atajifunza jina lake la Kiingereza kwa siku moja, asiyejua kwa lugha yoyote atakariri jina tupu.

Ubao: kabla watoto hawajaingia nenda ukakae dawati la mwisho pembeni, usome ulichoandika. Kama wewe husomi, wao pia hawasomi.

Madaftari 90 hayasahihishiki kila siku, tusidanganyane, dakika moja kila daftari ni saa moja na nusu kwa mkondo mmoja. Chukua ya safu moja leo, nyingine kesho, ila dakika tatu za mwisho za kila kipindi wape wote swali moja kwenye kipande cha karatasi, wakitoka wanakuachia mlangoni. Unayagawa mafungu matatu, wamepata, wamekosa kidogo, wamepotea, hata jina husomi kwanza. Ukubwa wa fungu la tatu ndo unakuambia kesho unaanzia wapi.

Kumkalia mwenzako darasani

Sasa upande wa kumsaidia mwalimu mwingine kwa kumkalia, yaani kukaa nyuma ya darasa lake wakati anafundisha, ambao sisi tumeuharibu kwa sababu tumezoea kukaguliwa. Mtu akiingia nyuma ya darasa na daftari tunajua ni wathibiti ubora au mwalimu wa taaluma, basi tunafundisha lile somo la maonyesho ambalo watoto washalijua tangu wiki iliyopita. MEWAKA, yale Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanataka walimu wa shule moja wakae pamoja wajifunze wao kwa wao, na ni jambo zuri sana, ila kikao peke yake hakibadilishi kinachotokea ubaoni. Kinachobadilisha ni mtu mmoja kukuona unafundisha, kukuambia kitu kimoja, na kurudi kuona.

Anza kwa kuomba, na heshima iwepo, hasa kama unayemkalia amekuzidi umri na miaka ya kazi. Namna hii:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Mwalimu, naomba kesho kipindi cha tatu niingie darasani kwako, nikuangalizie watoto wa nyuma wanafanyaga nini wakati unaeleza. Halafu na wewe Alhamisi uje kwangu."

Angalia kilichosemwa hapo. Hukusema unakwenda kumwona yeye, umesema watoto, na ni kweli ndo unaokwenda kuwaangalia. Na umejitoa na wewe ukaliwe, kwa hiyo hakuna mkubwa na mdogo. Hicho ndo kinafungua mlango kwa mwalimu wa miaka 50 ambaye hataki kufundishwa kazi na kijana aliyetoka chuo cha ualimu Butimba juzi.

Darasani kaa nyuma, chagua watoto sita, watatu wa nyuma, wawili wa katikati, mmoja wa mbele, na kila baada ya dakika tano andika kila mmoja anafanya nini. Usiandike "mwalimu mchangamfu" wala "zana hazitoshi". Andika: dakika ya 15, mtoto wa dirishani ananakili bila kuangalia ubao, wa katikati anamaliza zoezi namba mbili, wa nyuma hana kalamu na hajasema. Ukiweza andika pia maswali yaliyoulizwa na majina yaliyotajwa. Hayo ndo macho ambayo mwalimu anayefundisha hawezi kuwa nayo yeye mwenyewe.

Siku hiyo hiyo kaeni, chini ya mti au ofisini watu wakitoka, dakika 15 zinatosha. Mwache yeye aanze, "umeonaje kipindi?" Kisha mpe ulichoandika asome mwenyewe. Mara nyingi atasema kabla yako, "kumbe huyu wa nyuma hajaandika kitu kipindi kizima." Usiongeze orodha. Kitu kimoja tu cha kubadilisha, kidogo, kinachoweza kufanyika kesho: kusubiri sekunde tano kabla ya jina, au vidole mara mbili ndani ya kipindi. Ukimpa mambo saba hatafanya hata moja.

Na sasa sehemu ambayo wengi tunaruka: simameni mfanye. Nendeni kwenye darasa lililo wazi, yeye asimame ubaoni, wewe ukae dawatini uwe mtoto, aulize swali anyamaze ataje jina, tena, tena, mpaka mdomo uzoee. Watu wazima tunaona aibu kufanya mazoezi ya kufundisha, lakini mchezaji wa mpira hakuna anayemfundisha kupiga penati kwa kumweleza tu kwenye kikao. Msimu wa 1974 hadi 1975 watafiti wawili, Tharp na Gallimore, walikwenda kukaa kwenye mazoezi ya John Wooden, kocha maarufu wa mpira wa kikapu wa chuo cha UCLA kule Marekani, wakawa wanahesabu kila alichosema. Waliona karibu robo tatu ya maneno yake yana maelekezo ndani yake, fanya hivi sio vile, mafupi mafupi, na sifa tupu zilikuwa chini ya asilimia 7. Sisi tunamalizia na "hongera mwalimu, kipindi kilikuwa kizuri, endelea hivyo hivyo", mwenzako anatoka hajui kizuri ni kipi. Kama unasifu, taja: "uliponyamaza baada ya lile swali la tatu, mtoto wa dirishani aliacha kunakili akaangalia ubao."

Rudi ndani ya wiki hiyo hiyo uangalie kitu kile kimoja tu. Usiongeze kingine mpaka hicho kiwe cha kawaida. Na ulichoandika kikabidhi kwake mwenyewe abaki nacho, kisifike kwa mwalimu mkuu, kisisomwe kwenye kikao, kisiwekwe kwenye grupu la WhatsApp la shule. Kikitoka nje mara moja tu hakuna mwalimu atakayekufungulia darasa tena.

Kwa mlio peke yenu kwenye somo, na visiwani mko wengi, simu inatosha. Iweke juu ya meza iwe inarekodi sauti, fundisha kama kawaida, jioni sikiliza dakika kumi tu za katikati. Hesabu vitu viwili: sekunde kati ya swali lako na sauti inayofuata, na majina mangapi tofauti umeyataja. Andika zile namba mbili nyuma ya andalio la somo, wiki ijayo rekodi tena kipindi cha somo lile lile.